Cheti Chekundu Kilichokataa Kopi

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, binti alisimama mlangoni mwa karakana yetu pale Mchafukoge, ameshika karatasi nyeusi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika kitu kilichookotwa jalalani. Akasalimia vizuri, akaingia, akailaza ile karatasi mezani kwangu. Akasema, "Kaka, hiki ndicho cheti changu. Naomba unionyeshe jina langu liko wapi."

Sikuweza kumwonyesha. Na cheti chenyewe nilikibuni mimi.

Nimekaa kuyaandika haya kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja kati yenu, sitamtaja, anajijua, aliniletea cheti alichokibuni kwenye simu. Rangi ya nyuma ni bluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Juu yake majani yamezunguka duara, majani ya mti ambao yeye hajapata kuuona wala mimi sijauona. Kuna utepe wa dhahabu wa kuchorwa, usiofunga kitu. Herufi ni za aina tano, kila mstari umevaa nguo yake, kama ndugu wa harusi walioshindwa kukubaliana sare. Na jina la mhitimu limekaa chini kabisa, jembamba, limejikunja kama uzi uliokatika chini ya charahani. Nikamwuliza, "Umeshakitolea kopi?" Akanitazama kama nimemwuliza kama amekipeleka kwa mganga. Akasema, "Mzee, siku hizi mambo ni dijitali."

Dijitali. Haya. Nenda kwenye ofisi kumi za mji huu ukaombe kazi, kisha urudi uniambie ni ngapi hazikukudai kopi ya cheti iliyogongwa muhuri wa wakili. Mimi nitakungoja hapa hapa, na chai nitakuwekea.

Basi nisikilize, maana nimechoka kulisema jambo hili kwa kila kijana na kila kijana analisikia kama hadithi ya watu wa kale. Si ya kale. Ni ya mashine iliyoko pale kona.

Karakana ile ilikuwa ya Mzee Kombo. Kabla ya kufungua uchapaji, Mzee Kombo alikuwa anachora kanga kwa mkono, kwa kalamu na wino, akiwauzia michoro wenye maduka ya jumla wa Mtaa wa Uhuru, nao wakiipeleka kiwandani. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Ukikosea, anakohoa kwanza. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda, na kazi hii hakuna aliyenifundisha darasani. Nilijifunza kwa kuokota kila karatasi iliyochapishwa, maboksi ya majani ya chai, kalenda, kadi za harusi, nikazibandika ukutani na kuzipima kwa rula: pambizo kiasi gani, herufi kubwa kiasi gani, rangi ngapi. Nilijua vipimo vingi. Vipimo si macho, lakini hilo nililijua baadaye.

Kompyuta zilikuwa ndio kwanza zinaingia kwenye karakana za mitaani kwetu. Mzee Kombo alinunua moja, akanikabidhi, akasema yeye hawezi kuchora kwa kusukuma panya. Kwa hiyo mtaa mzima, mwenye kompyuta na kiburi cha kompyuta alikuwa ni mimi.

Siku moja Mzee akiwa amesafiri kwenda Tanga kwenye arobaini ya kaka yake, akaingia Mama Massawe. Huyu alikuwa mzaliwa wa Rombo, mwenye duka la jumla la vitambaa vya sare za shule Kariakoo, na ghorofani juu ya duka alikuwa amefungua chuo kidogo cha ushonaji kwa mabinti. Lazima niseme mapema kwamba alikuwa mtu mwema, kwa sababu nikiendelea utadhani namsengenya. Mabinti wengi aliwafundisha kwa charahani zake mwenyewe. Sasa kundi la kwanza lilikuwa linahitimu, naye alitaka vyeti.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza.

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mdogo hivi? Haya. Nataka cheti ambacho mgeni akiingia sebuleni, akione kabla hajasalimia."

"Rangi gani, mama?"

"Damu ya mzee. Kama sare zetu za chuo. Karatasi nzima."

"Nzima? Pembeni tusiache weupe kidogo?"

"Weupe wa nini, baba? Kwani karatasi nimenunua nusu?"

Sentensi hiyo, mwanangu, nimeisikia maisha yangu yote kutoka midomo tofauti. Mteja wa mji huu akiona nafasi nyeupe anaona ameibiwa. Shamba lisilolimwa! Weka maua hapo. Weka nyota. Weka namba ya simu mara ya pili. Nimewahi kumwambia mteja kwamba nafasi nyeupe ni pumzi ya karatasi, akanijibu kwamba yeye hakuja kununua pumzi.

Basi Mama Massawe akaendelea kuagiza. Nyuma uwekwe Mlima na theluji yake, ili watu wajue chuo kimetoka kwa watu gani. Katikati iwekwe charahani kubwa. Juu yake iwekwe picha yake mwenyewe ndani ya duara jeupe, "ili wasije wakasahau nani kawafundisha kupinda pindo." Mimi, badala ya kumpunguzia, nikamwongezea. Nikapendekeza herufi za dhahabu. Nikachagua zile za kujipinda, zenye mikia, ambazo kila herufi inamkumbatia jirani yake. Nikaandika majina ya mabinti kwa wino wa dhahabu juu ya damu ya mzee, mbele ya charahani, chini ya picha. Kwenye mwanga wa karakana viling'aa, mwanangu, viling'aa kweli. Waswahili wameshasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani anapasua mkakasi siku ya sherehe?

Mahafali yakafanyika. Vigelegele vikapigwa, picha zikapigwa. Watu watatu wakanijia kwenye ukumbi kuniuliza karakana iko wapi. Nikarudi Mchafukoge natembea kwa mabega.

Mzee Kombo aliporudi kutoka Tanga akakuta cheti kimoja cha ziada juu ya meza. Akakichukua, akaenda nacho mlangoni penye mwanga, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Akakohoa.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Mwenyewe nani, Mzee? Mama Massawe? Ameshachukua vyote."

"Mwenye cheti."

Nikamwonyesha kwa kidole, hapo chini ya charahani. Akakiinamisha ili dhahabu ishike mwanga, akasoma, akasema "Haya," akakirudisha mezani. Mimi nikaichukua ile haya kuwa ni sifa. Ujana una masikio yake.

Ndipo ikaja ile Jumatano, na yule binti na karatasi yake nyeusi.

Aliitwa Zuhura. Alikuwa mmoja wa wahitimu wa Mama Massawe, na nilimkumbuka ukumbini kwa sababu alishona gauni lake mwenyewe la mahafali, na lilikuwa limekaa. Akaeleza mambo yake kwa utaratibu, kama mtu aliyeyarudia njiani. Hospitali moja ya mjini ilikuwa inatafuta mafundi wa kushona mashuka na nguo za wagonjwa. Barua za maombi zilikuwa zinafungwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Wanataka kopi ya cheti yenye muhuri wa wakili. Cheti chenyewe hawapokei, maana kikipotea ofisini hawataki lawama. Naye alikwenda kutoa kopi, ikatoka hivi. Akaenda kwa wakili hivyo hivyo, na wakili akamwuliza, "Binti, unataka nigonge muhuri wangu juu ya mkaa?"

Mimi nikajibu kama walivyojibu mafundi tangu dunia iumbwe. "Mashine yao mbovu hiyo. Nenda kwingine."

"Kaka, nimezunguka tangu asubuhi. Mtaa wa Msimbazi nimekwenda, Congo nimekwenda, Lumumba nimekwenda. Zote mbovu?"

"Zipo mbovu nyingi."

Mzee Kombo alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma, anapanga karatasi. Akasema bila kuinua kichwa, akinitaja jina, "Mashine za Dar es Salaam yote mbovu, ila Ramadhani mzima. Tumshukuru Mungu."

Zuhura hakucheka. Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Akasema, na hii alimwambia Mzee zaidi kuliko mimi, "Mzee wangu, sisi tunakaa Jangwani, mimi na mama. Kila masika maji yanaingia ndani mpaka kwenye godoro. Mwaka jana mama aliokolewa kwa kubebwa mgongoni na jirani. Nataka nikipata hii kazi nimhamishe kabla mvua hazijaanza. Sina lingine."

Mzee akainuka, akamwomba binti cheti chenyewe, binti akakitoa mkobani, cheupe kwa nyuma na chekundu kwa mbele, Mzee akakipokea, akakitia mkononi mwangu. "Nenda wewe ukakitolee kopi. Usimtume mtu."

Kona ya mtaa kulikuwa na duka la vifaa vya ofisi la dada mmoja jina lake Neema, na mashine yake ya kopi ilikuwa imesimama barazani imefunikwa kitenge. Aliponiona na cheti akashika kiuno.

"Hiki tena? Jamani. Wameshakuja mabinti na hivi vyekundu, wamenimalizia wino wote."

"Punguza giza."

"Nimeshawahi kupunguza mpaka mashine ikaomba nafuu. Angalia mwenyewe."

Akaifungua, akalaza cheti, akabonyeza. Karatasi ikatoka na joto lake. Damu ya mzee ilikuwa imegeuka nyeusi. Dhahabu nayo imegeuka nyeusi, maana mashine ile haijui dhahabu, inajua panaporudisha mwanga na pasiporudisha. Jina la Zuhura, jina la chuo, aina ya mafunzo, tarehe, vyote vimezama. Akapunguza giza mpaka mwisho, akabonyeza tena. Safari hii vikatoka vitu viwili tu vinavyoonekana sawasawa. Theluji ya Mlima, na ndani ya duara lake jeupe, Mama Massawe, anatabasamu.

Neema akaichukua ile kopi akaitazama. "Sasa hiki ni cheti cha nani? Cha huyu mama?"

Nikarudi nayo karakana. Hapo nikasema lile lisilofaa. Nikasema Mama Massawe ndiye aliyetaka, mimi nilifuata agizo, na tena nilijitahidi, na kila mtu ukumbini alikisifu. Nilikuwa natafuta pole.

"Mwiba wa kujichoma hauna pole," akasema Mzee Kombo. Kisha akakohoa kile kikohozi kirefu, akaenda kwenye kabati, akatoa doti ya kanga aliyomnunulia mkewe Tanga, bado haijakatwa. Akasukuma kompyuta pembeni, akaitandaza kanga juu ya meza yangu.

"Hii nini?"

"Kanga, Mzee."

"Hapa pembeni kote?"

"Pindo."

"Na hapa katikati?"

"Mji."

"Na haya maandishi?"

"Jina."

"Vizuri. Mtoto wa darasa la pili anajua. Pindo ni la mchoraji. Hapo mimi nilikuwa naweka ufundi wangu wote, nikae nikeshe, nijaze maua, nijaze mistari, hakuna wa kuniuliza. Mji nauacha upumue, maana mji ndio utakaokaa kifuani kwa mwanamke, na hapo anatakiwa aonekane yeye. Na jina linaandikwa kwa herufi zilizosimama, wima, zenye nyama, kwa sababu kanga inasomwa na mtu anayepishana na mwenzake sokoni. Umeshaona kanga jina lake limeandikwa kwa mikia mikia?"

"Sijaona."

"Wewe umechukua mji wa mtu, ukamjengea Mama Massawe ghorofa. Umeweka mlima, umeweka mashine, umeweka rangi mpaka dari. Mwenye mji umemlaza varandani, tena gizani." Akaishika ile kopi nyeusi. "Halafu unadhani cheti kinakaa ukutani. Ukutani kinakaa siku ya wageni. Siku nyingine zote cheti kinatembea, na hakitembei chenyewe, kinatembea kivuli chake. Kivuli ndiyo hii kopi. Umemtuma binti wa watu mjini na kivuli kisicho na uso."

Hakupaza sauti. Ningependelea angepaza.

Zuhura pale kwenye benchi akasema taratibu, "Uso upo, Mzee. Ila si wangu."

Nikaanza upya mchana ule ule. Karatasi nyeupe. Damu ya mzee nikairudisha kwenye pindo, pande zote nne, na ndani yake nikachora charahani ndogondogo zinazofuatana, kwa mstari mweupe, na nikiri kwamba lile pindo lilinipendeza kuliko yote niliyokuwa nimefanya. Nembo ya chuo juu, katikati, rangi hiyo hiyo moja. Mlima nikaufanya mstari mmoja ndani ya nembo, anayeujua ataujua. Dhahabu nikaiondoa. Picha nikaiondoa. Herufi nikachagua familia moja tu, nene kwa jina na nyembamba kwa mengine, maana mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watano. Jina la mhitimu jeusi, wima, kubwa kuliko jina la chuo. Nikachapa moja, nikaenda kwa Neema. Nikatoa kopi. Nikatoa kopi ya ile kopi, kwa sababu ofisi nazo hutoa kopi zao. Nikatoa na ya kopi ya kopi. Neema akauliza nimepatwa na nini. Charahani za pembeni zilikuwa zimeanza kukatika, lakini Zuhura Saidi alisomeka kama alivyosomeka mwanzo.

Kazi imekwisha? Haijaisha. Cheti bila sahihi ya mwenye chuo ni kadi ya mwaliko. Alhamisi asubuhi nikaenda na Zuhura dukani kwa Mama Massawe, tukamkuta kati ya majora ya vitambaa, anapima kaki.

Akakitazama cheti kipya, akakigeuza nyuma kutafuta kilichobaki.

"Picha yangu iko wapi?"

Nikaanza kumweleza. Mwanangu, nilimweleza mambo yote niliyoyajua. Nikamweleza jinsi mashine inavyosoma mwanga, jinsi nyekundu iliyoiva inavyogeuka nyeusi, jinsi macho yanavyotafuta kitu kikubwa kwanza. Nikatumia hata rula. Yeye akaendelea kupima kaki.

"Baba, mimi niliagiza damu ya mzee, karatasi nzima. Hiki kimekaa kama risiti. Mabinti zangu wameshapewa vyeti, vizuri, vinang'aa. Sitii sahihi mara mbili kwa kazi moja. Watu watasema vya kwanza vilikuwa vya bandia."

Tazama hapo. Alichosema kilikuwa na akili yake, na mimi sikuwa nimekifikiria kabisa. Nikageuka kumtazama Zuhura, naye alikuwa anatazama saa ya ukutani ya duka.

Nikakumbuka kwamba Mzee Kombo, nilipokuwa natoka, alinitia ile kopi nyeusi kwenye bahasha akaniambia, "Usimweleze. Mwonyeshe." Nami nilikuwa nimeeleza mpaka mate yamekauka. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kaki.

Mama Massawe akaacha kupima. Akavaa miwani.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona nimekuwa kama tangazo la msiba?" Akaisogeza karibu. "Na hii nyeupe hapa juu? Ni Mlima? Umekuwa kama jino." Muuzaji wake mmoja akaanza kucheka, akageukia ukutani. Mama Massawe akaendelea kuchunguza, akapitisha kidole chini ya duara, pale penye giza, kama mtu anayetafuta swichi. "Zuhura yuko wapi?"

"Ndilo walilouliza na kwa wakili, mama," akasema Zuhura. "Nami nimekosa jibu. Nimewaambia mwalimu wangu anaonekana."

Mama Massawe akavua miwani. Kisha akamwuliza, "Kumbe hii ndiyo wanayoiona huko maofisini?"

"Hii hii, mama. Wengine wameshaacha hata kwenda."

"Na hamkuniambia."

"Ulikuwa umefurahi sana, mama."

Akaomba kalamu. Akatia sahihi cheti cha Zuhura juu ya lile jora la kaki, akagonga muhuri wa chuo, akaniambia nivichape vyote upya, na cha kwanza kila mmoja akirudishe ndipo apewe cha pili, ili maneno ya bandia yasipate pa kuanzia. Sikuwa nimefikiria hilo pia. Halafu, kwa kuwa binadamu ni binadamu, akasema, "Lakini kimoja chekundu nibakizie mimi, cha ukutani. Na jina la chuo liongeze kidogo." Nikasema sawa. Jina la chuo sikuliongeza. Chekundu nilimpelekea, akakitundika nyuma ya kaunta, na nilipokuwa nikipita pale nilikiona tangu nje: picha yake, na theluji.

Wakili akagonga muhuri Alhamisi ile ile, bila maneno. Ijumaa Zuhura akapeleka barua yake kabla ya adhuhuri. Baadaye wakamwita, wakamkalisha kwenye charahani, wakampa kitambaa cha shuka wakamwambia apinde. Hapo hakuna aliyetazama cheti tena. Cheti kazi yake ni kumfikisha mtu mlangoni, ndani anaingia na mikono yake. Akaichukua kazi. Wakapata chumba Buguruni, juu kidogo, yeye na mama yake. Masika yale maji yakaingia Jangwani kama ilivyo desturi yake, yakapita ndani ya kile chumba cha zamani mpaka usawa wa dirisha, na godoro halikuwepo.

Mzee Kombo hakunisifu. Alikata ile doti ya kanga akampelekea mkewe, na juu ya ile meza akanirudishia kompyuta.

Sasa nawe, mwanangu wa bluu iliyoiva. Sikukatazi rangi. Rangi ya chuo ni kama sare, itamtambulisha mtu toka mbali, lakini iweke kwenye pindo, na isipande kwenye maandishi. Picha moja inayohusu kazi ya watu wenyewe inatosha. Kama wanashona, weka sindano, na hayo majani ya ugenini uwaachie wenyewe waliko. Herufi zako zisimame, jina liwe kubwa kuliko kila kitu, hata kuliko jina la anayekulipa. Hapo utagombana naye. Gombana kwa adabu, na ukichoka kueleza, mwonyeshe. Mteja akitaka ujaze weupe, mwambie huo ni mji wa mtu, una mwenyewe. Na kabla hujaniletea kazi tena, tembea mpaka kona, itolee kopi, kisha itolee kopi ile kopi. Ikirudi jina likisomeka, njoo tuzungumze hayo mengine. Lisiposomeka usije. Ninasema hivi kwa upendo, ingawa najua uso wangu hauonyeshi.

Mimi sasa nami nakohoa kabla ya kusema. Nimewasikia mkiniigiza.

Mola akupe mkono mwepesi na jicho lisilodanganywa na king'aacho. Akupe wateja wasikivu, na wasipokuwa wasikivu, akupe subira. Kazi yako imfikishe mtoto wa mtu mlangoni anakokwenda. Na jina lako nawe, popote litakapoandikwa, na wakati wowote litakaponakiliwa, lisomeke.